Mwanga wa Kukopa: Kuiangaza Korido ya Nyumba ya Songea

Nyumba nyingi za Songea zina sehemu moja isiyo na dirisha hata moja, nayo ndiyo inayopitwa na watu kuliko sehemu nyingine yoyote: korido. Ukitoka barabarani Mfaranyaki au Lizaboni saa nane mchana na kuingia ndani, hatua tatu za kwanza huoni kitu. Unapapasa ukuta, unakanyaga ndala za mtu, unasikia "karibu, pita tu" kutoka uani kabla hujamwona anayekukaribisha. Wenye nyumba wamezoea. Mtoto anayejifunza kutembea na bibi wa miaka sabini hawajazoea, na hao ndio wanaojikwaa.

Watu wengi wanapoamua kuishughulikia korido huanza na kununua taa kali, kisha wanaweka mapambo ya jipsamu, na rangi wanaifikiria mwisho, ikiwa fedha imebaki. Naamini mpangilio huo umepinduka, na sababu yake ni kwamba hatujajiuliza giza linatoka wapi. Korido haina mwanga wake yenyewe. Mwanga wote ilio nao imeukopa: mlangoni, vyumbani, au juu ya paa. Kwa hiyo kuiangaza kuna kazi mbili tu, kuongeza wakopeshaji na kuacha kuutapanya mkopo njiani. Taa na mapambo vinafuata baada ya hapo.

Tuanze na nyumba yenyewe. Ramani ya nyumba ya Kiswahili inajulikana: baraza mbele, korido inayonyooka katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Ramani hiyo ilitoka pwani, ikafuata njia za misafara na baadaye miji ya kikoloni. Songea ilianza kama kituo cha kijeshi ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1897 katika nchi ya Wangoni; nchi hiyo ilikuwa na njia za biashara za kwenda Kilwa tangu kabla yao, na mji uliokua kuzunguka boma ukaipokea ramani ileile. Ilikuwa ramani nzuri. Kiwanja ni chembamba, vyumba vinachukua pande zote mbili, kwa hiyo korido haikuhitaji dirisha: mlango wa mbele ulikuwa wazi tangu alfajiri kwa sababu wazee walikaa barazani, na mlango wa uani ulikuwa wazi kwa sababu akina mama walikuwa jikoni. Mwanga na upepo viliingia kwa huku na kutokea kwa kule.

Nyumba haijabadilika sana, ila matumizi ya milango yake yamebadilika. Watu wanashinda kazini, mlango wa mbele umefungwa kwa komeo na kufuli. Uani kumeezekwa bati ili mpangaji apate jiko, na bati hilo limeuziba mwanga wa upande wa pili. Hali ni mbaya zaidi katika nyumba mpya za familia moja zinazoota Mshangano na Msamala: korido inaanzia sebuleni, inapinda kona, inapita vyumba viwili vya kulala na kuishia kwenye mlango wa choo, haina ncha hata moja iliyo wazi. Ongeza na baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai unaoshuka kutoka milima ya Matogoro umewafundisha mafundi kuweka madirisha madogo. Hata vyumba vyenyewe, ambavyo vingeikopesha korido, havina mwanga mwingi wa kutoa.

Sasa tuangalie mwanga unavyofanya kazi ndani ya njia nyembamba, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Chukua korido ya mita 9 yenye upana wa mita 1.2. Mwanga ukiingia mlangoni, sehemu yake kubwa haifiki mwisho moja kwa moja. Inagonga ukuta; kiasi kinamezwa, kiasi kinarudishwa, kinavuka na kugonga ukuta wa pili, na hivyo hivyo hadi uani. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe safi hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoufikia. Krimu nyepesi hurudisha karibu 70. Tofali la kuchoma lisilopigwa plasta, saruji tupu, au bluu iliyokolea hurudisha kama 30 au pungufu, na kahawia nzito kama 10. Tofauti ya 80 na 30 inaonekana ya kawaida mpaka uihesabu. Mwanga ukigonga mara nne kwenye kuta nyeupe, kati ya sehemu 100 zinabaki 80, kisha 64, kisha 51, kisha 41. Kwenye tofali tupu zinabaki 30, kisha 9, kisha karibu 3, na mwishoni haifiki hata sehemu moja. Mlango ni uleule na jua ni lilelile, lakini mtu aliyesimama kwenye mlango wa chumba cha mwisho anapata mwanga uliozidiana mara hamsini.

Na kadiri njia inavyokuwa nyembamba, ndivyo mwanga unavyogonga mara nyingi zaidi katika kila mita. Ndiyo maana ukuta wa kijani kizito unaweza kupendeza sebuleni lakini ukaiua korido. Sebuleni mwanga unatoka dirishani na kukufikia moja kwa moja, wakati koridoni kila kinachokufikia kimeshapita mikononi mwa kuta.

Jicho nalo lina sehemu yake. Nje, chini ya jua la mchana, mwanga unafika lux 100,000 hivi. Ndani ya korido yenye giza unaweza kuwa lux 20. Jicho linahitaji dakika kadhaa kuzoea mporomoko huo, nasi tunalipa sekunde mbili za kuvuka kizingiti. Kwa mtu wa miaka 60, mboni imekuwa ndogo na lenzi imekuwa nzito, hata mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni kama theluthi ya ule unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Giza ambalo wewe unaliita hafifu, kwa bibi ni giza kamili. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niitetee korido mbele ya sebule wakati wa kugawa bajeti ya ukarabati.

Kuna jaribio rahisi la kujua tatizo lako liko wapi. Saa sita mchana, fungua milango ya vyumba vyote na mapazia yote, kisha simama katikati ya korido. Korido ikichangamka ghafla, vyumba vina mwanga wa kukopesha na kinachouzuia ni milango. Ikibaki na giza, weka karatasi nyeupe ukutani. Karatasi ikiwaka kuliko ukuta, ukuta ndio unaomeza mwanga. Karatasi nayo ikionekana ya kijivu, mwanga haupo kabisa, na hapo rangi haitakusaidia mpaka utafute mahali pa kuupata.

Pa kuupata pa kwanza ni mlangoni, na hapa jua la Songea lina tabia zake. Mji uko karibu nyuzi 10.7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 21 Oktoba na tena kama tarehe 20 Februari. Kati ya siku hizo, wakati wa mvua, hupita upande wa kusini; miezi iliyobaki hupita kaskazini. Hata likishuka sana, mwezi Juni, adhuhuri huwa na nyuzi 56 kutoka upeo wa macho. Kwenye mlango wa mita 2 ulio wazi kabisa, mwale wa pembe hiyo unaingia mita 1.35 tu, na ukiwa na baraza iliyoezekwa mbele hauingii kabisa. Kwa hiyo mlango unaotazama kaskazini au kusini usitegemee jua lenyewe, unapata mwanga wa anga tu.

Mlango unaotazama mashariki ni mali. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua linachomoza mashariki kamili, na asubuhi likiwa bado chini mwale wake unaweza kupita korido nzima hadi uani. Mwezi Juni linachomoza nyuzi 24 kaskazini ya mashariki. Mwale unaingia kwa mshazari na kugonga ukuta wa kusini ndani ya mita 2.7 za kwanza, kama korido ina upana wa mita 1.2. Mita hizo tatu za mwanzo ndizo zinazougawa mwanga kwa korido yote iliyobaki. Kuzitundikia makoti, au kuziegeshea kabati la viatu la rangi nzito, ni kuukata mkopo pale pale benki.

Nyumba nyingi zina milango miwili mbele, wa mbao ndani na wa grili nje. Mchana fungua wa mbao, funga wa grili. Hakuna ukarabati ulio rahisi kuliko huo, na usalama unabaki. Mlango wa uani, ambao mara nyingi ni wa mbao zilizoshikana au bati, ndio ninaoushauri ubadilishwe kwanza pale fedha inapopatikana: uwe na kioo nusu ya juu, nyuma ya nondo. Na kama uani umeezekwa, mabati mawili ya mwisho karibu na mlango yawe ya plastiki inayopitisha mwanga, la sivyo kioo cha mlango kitakuwa kinatazama giza lingine.

Mkopeshaji wa pili ni chumba. Ukitazama juu ya milango ya nyumba za zamani, utakuta fremu nyingi zina kidirisha, na kidirisha hicho kimezibwa kwa plaiwudi au kupakwa rangi. Kilitengenezwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Bandua plaiwudi, weka kioo cha bafuni, kile kinachopitisha mwanga bila kuonyesha sura ya mtu, na mlango ukiwa umefungwa dirisha la chumba linaendelea kuihudumia korido. Kama fremu haina kidirisha, nafasi kati ya juu ya mlango na dari inaweza kutobolewa, lakini hapo sharti fundi mwashi aje aone. Linta inayopita juu ya milango inabeba ukuta na paa, haikatwi. Tundu linakaa juu ya linta, dogo, nalo lipate linta yake.

Kwa nyumba ya wapangaji kuna hoja ya kweli dhidi ya vidirisha hivi. Usiku taa ya jirani anayesoma inakuangukia kitandani, na mazungumzo yanavuka. Kioo kisichofunguka, kilichozungushiwa silikoni, hupunguza sauti kwa kiasi. Pazia dogo linamaliza la taa. Wengine wanapenda matundu wazi kwa ajili ya hewa. Ukichagua hayo, weka wavu wa mbu, kwa maana tundu la korido lisilo na wavu linaunganisha vyumba vyote sita na mlango wa nje ulio wazi saa moja jioni.

Zile nyumba mpya zenye korido iliyokufa mwisho zina mkopeshaji ambaye hakuna anayemkumbuka: choo. Kile chumba cha mwisho kina dirisha la nje. Kidirisha cha kioo juu ya mlango wake, au mlango wenye kioo cha bafuni sehemu ya juu, unaipa korido ncha yenye mwanga pale ilipokuwa na ukuta mtupu. Jicho hutulia linapoona mwanga mwisho wa njia. Njia yenyewe huonekana pana zaidi.

Paa ni mkopeshaji mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu anga ya juu inang'aa hata siku ya mawingu. Korido isiyo na dari inaweza kupata bati moja la plastiki lenye migongo inayolingana na ya bati la chuma lililopo. Pwani ningesita kwa ajili ya joto, ila Songea joto hilo ni neema nusu ya mwaka. Ubaya wake ni kwamba plastiki ya bei ya chini huwa ya njano na kupasuka kwa jua, na misumari ikipigwa ovyo inavuja mvua zinapoanza Novemba. Kama kuna dari, lazima mwanga ujengewe mfereji wa kutoka paani hadi darini, kuta zake nyeupe tupu, na mfupi kadiri inavyowezekana, kwa hesabu ileile ya kugonga. Na kama paa ni la asbesto, kama yalivyo baadhi ya majengo ya zamani, usikate wala kutoboa.

Kwa asiye na fedha ya bati, kuna ubunifu wa Alfredo Moser, fundi mitambo wa Brazil, ambaye mwaka 2002 alianza kuangaza vyumba kwa chupa ya plastiki ya lita mbili. Chupa inajazwa maji safi na vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia nguo ili maji yasiote ukijani, inapitishwa kwenye tundu la bati na kuzibwa vizuri pembeni. Nusu ya juu inapokea jua, maji yanaupinda na kuusambaza mwanga chini kama balbu ya wati 40 hadi 60. Inafanya kazi mchana tu na pasipo dari tu, lakini korido isiyo na dari ndiyo hasa iliyopo katika nyumba nyingi za bei nafuu.

Baada ya mwanga kuingia, ndipo rangi. Hapa mazungumzo ya mwenye nyumba na fundi huwa mafupi mno. "Mama, nyeupe hapa itachafuka wiki moja tu." "Basi fundi, nipakie ile kahawia ya mafuta, hawa watoto wamenichosha." Kwa sentensi mbili korido imehukumiwa.

Siwalaumu. Udongo wa Songea ni mwekundu na mvua zake ni za miezi mingi. Tope linaingia na viatu, matairi ya boda yanayolala ndani usiku, na magunia. Kwa hiyo tumerithi kutoka shuleni na zahanati ule mkanda wa rangi ya mafuta unaoanzia sakafuni hadi kifuani, wa kahawia au bluu. Hebu tuupime. Korido yetu ya mita 9, yenye kuta za urefu wa mita 2.7, ina jumla ya mita za mraba 48.6 za ukuta. Milango sita ya vyumba inachukua karibu robo ya hizo. Mkanda wa mita 1.2 unachukua 15 nyingine. Kama milango ni ya kahawia na mkanda ni wa kahawia, zaidi ya nusu ya ukuta inameza mwanga, na krimu uliyopaka juu haiwezi kurudisha kilichokwisha liwa chini yake.

Tope linaruka hadi magotini, halifiki kifuani. Kifuani ni mikono ya watoto, na mafuta ya mikono yanafutika. Kwa hiyo ushushe mkanda hadi sentimita 40, uwe wa rangi ya mafuta ya udongo mwepesi, ile inayokaribiana na vumbi lenyewe, nao utachukua sehemu ya kumi tu ya ukuta. Kuanzia hapo hadi juu weka rangi ya maji ya aina inayofutika kwa kitambaa, nyeupe yenye krimu kidogo. Nyeupe kavu, ile inayoelekea samawati, kivulini huonekana ya kijivu na kuongeza baridi machoni katika mji ambao tayari una baridi. Usichague inayong'aa sana kama plasta yako si nyoofu: koridoni mwanga unapita sambamba na ukuta, na kila wimbi la mwiko wa fundi litaonekana kutoka mlangoni.

Chokaa ni rahisi na ni nyeupe kweli, ila katika njia nyembamba mabega yanaipangusa, na nguo ya Jumapili inabeba ushahidi. Itumie juu ya usawa wa mabega. Na kabla ya kupaka chochote, angalia chini ya ukuta. Tofali la kuchoma linanyonya unyevu wa ardhini kama msingi haukuwekwa kizuizi. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu inavimba na kubanduka ndani ya msimu mmoja. Shughulikia maji ya nje kwanza. Rangi ya mafuta ya zamani usiipige msasa ikiwa kavu mbele ya watoto, kwani huenda ina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Ilowanishe, ipanguse, fagia ikiwa mbichi.

Milango je? Ruvuma, mkoa wa Songea, ni nchi ya mninga, na mlango wa mninga uliotengenezwa vizuri sitamshauri mtu aupake rangi. Upige vanishi isiyo na rangi badala ya ile ya kahawia inayozidi kuutia weusi. Lakini mlango wa plaiwudi hauna cha kuheshimiwa kiasi hicho: uupake rangi nyepesi, pamoja na fremu yake. Upande wa ndani wa mlango wa mbele pia, maana ukiwa wazi mchana kutwa huo ni sehemu ya ukuta, tena iliyo karibu kabisa na mwanga.

Dari nyeupe ina faida kuliko ukuta wowote, kwa sababu haina mikono wala matope. Kinachoiharibu ni moshi. Mvua zikishika, wapangaji huingiza jiko la mkaa koridoni kupika, na Juni huliingiza kuota moto. Masizi yanaweza kupakwa rangi upya. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na katika korido iliyofungwa milango yote miwili inaua watu wakiwa wamelala. Jiko likae uani au barazani, hata kama maana yake ni kujenga kibanda.

Sakafu nitaipita haraka. Saruji nyekundu iliyopigwa polishi ni nzuri kwa macho na inameza mwanga. Vigae vyeupe vinavyong'aa vinarudisha mwanga na kumwangusha mtu mwenye tope miguuni. Kijivu chepesi kisichong'aa kinatosha. Na baada ya mavuno, pale mahindi yanapoigeuza korido kuwa ghala, magunia yapangwe upande mmoja, yasipite usawa wa kiuno, na pabaki njia ya sentimita 90. Kitanda lazima kipite hapo, na siku moja jeneza.

Sasa taa. Songea iliishi kwa miaka mingi na jenereta za dizeli na mgao, hadi mwaka 2018 njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilipouunganisha mji na gridi ya Taifa. Umeme upo kuliko zamani, lakini balbu ya koridoni bado ina shida ya kijamii: si ya mtu. Kila mpangaji anahesabu uniti zake za LUKU na kuizima anapopita. Hebu tuhesabu wote. Kwa njia ya nyumbani lux 50 sakafuni zinatosha. Korido yetu ina mita za mraba karibu 11, kwa hiyo zinahitajika lumeni 550 zifike chini. Kwa kuta nyepesi, ambapo kama nusu ya mwanga wa balbu hufika, nunua lumeni 1,100. Hizo ni balbu mbili za LED za wati 6. Zikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi zinakula uniti 1.8. Gawanya kwa vyumba sita: kila mmoja anachangia uniti 0.3 kwa mwezi. Hakuna haja ya ugomvi hapo.

Balbu mbili zilizogawana urefu ni bora kuliko moja kali katikati, ambayo inakupiga machoni na kuacha ncha zote gizani. Soma kwenye boksi: kelvini 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa joto, 6,500 ni ule mweupe wa kibluu uliojaa madukani, unaofanya nyuso za watu zionekane kama za wagonjwa. Mwambie fundi umeme aweke swichi ya njia mbili, moja mlango wa mbele na nyingine wa uani, ili anayeenda chooni usiku wa manane asirudi gizani.

Mapambo nimeyaacha hapa si kwa kuyadharau. Waswahili wa Lamu wa karne ya 18 walikuwa na tatizo hilihili, nao walilitatua kwa uzuri ambao bado unatazamwa. Boriti za mikoko ziliwabana kwenye vyumba virefu vyembamba, vyenye upana usiofika mita tatu, vikifuatana kimoja nyuma ya kingine, na mwanga uliingia kutoka ua wa ndani peke yake. Chumba cha ndani kabisa, chenye giza kuliko vyote, ndicho walichokipamba zaidi: ukuta mzima wa zidaka za plasta ya chokaa nyeupe, na ndani ya zidaka vyombo vya kauri na vioo. Chokaa iliupokea mwanga uliochoka, kingo za zidaka zikautengenezea vivuli, na kauri ikaurudisha kwa vimeta. Mapambo yale yalikuwa yakifanya kazi.

Ukuta wa tofali moja wa Songea usichimbwe zidaka, lakini rafu ya sentimita 12, nyeupe kama ukuta, ikiwa na zile sahani za kauri ambazo mama hazitumii tena, inatosha kuipa ncha ya korido kitu cha kushika mwanga. Kioo pia, ila kiwekwe mkabala na kidirisha au mlango wenye mwanga. Ukikiweka mwisho wa njia kikitazama giza, kinaongeza giza.

Picha za koridoni hutazamwa kwa umbali wa sentimita 60 au 70, hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Mandhari kubwa za Kilimanjaro zinazouzwa na fremu za dhahabu hazina kazi hapo. Picha za familia ndogo ndogo zinafaa, na zinafaa zaidi kazi za mtindo wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru, mkoa huuhuu wa Ruvuma, mwaka 1932, na kuanzia 1968 hadi kifo chake 1972 alichora Dar es Salaam juu ya miraba ya hadibodi ya takriban sentimita 60, kwa rangi za mafuta zinazong'aa ambazo watu walizitumia kupaka baiskeli. Mnyama mmoja mkubwa, nyuma rangi moja iliyo wazi, hakuna vivuli vya kutafutwa. Picha ya namna hiyo husomeka kwa karibu, huonekana kwenye mwanga hafifu, na ung'avu wake unarudisha kiasi cha mwanga ukutani. Inashangaza kwamba nyumba za mkoa aliozaliwa hazina nyingi.

Tundika kwenye ukuta mmoja tu, katikati ya picha kukiwa mita 1.5 kutoka sakafuni, kuanzia mita ya tatu baada ya mlango. Ukuta wa mkabala uache mtupu na mweupe, kwa sababu huo ndio unaoziangazia picha, na ndio bega la mwenye gunia litakaousugua.